Uvimbe ndani ya uti wa mgongo wa mtoto: tusubiri au apasuliwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Kwa miezi mitano amekuwa akilalamika mgongo, hasa usiku. Anaamka analia, akikaa kitako kidogo anatulia. Zahanati walisema ni maumivu ya kukua, wakampa parasetamoli. Eksirei ilikuwa safi. Mwezi uliopita akaanza kujikwaa mguu wa kushoto na kukojoa kitandani, na alishaacha tangu ana miaka 3. MRI ya kifua imeonyesha uvimbe ndani ya ugwe wa mgongo, kuanzia pingili ya 8 hadi ya 11, na maji juu yake. Tumeambiwa apasuliwe. Baba yake anaogopa mtoto atapooza, bibi yake anasema akandwe kwanza. Je, hii ni saratani? Na tukisubiri miezi michache, kuna ubaya? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, na pole kwa baba na bibi pia. Nianze na hilo la kusubiri, maana ndilo la haraka zaidi. Siku chache za kujiandaa, sawa. Miezi michache, hapana. Mtoto wako ameshaanza kupoteza nguvu mguu mmoja, na kibofu kimeanza kukosa amri. Hizo ni dalili kwamba ugwe, yaani ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya tundu la pingili, umeanza kushindwa kupitisha habari kutoka kichwani. Mtoto akiingia chumba cha upasuaji anatembea, hata kwa kuchechemea, ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea baada ya wiki au miezi ya mazoezi. Akiingia amebebwa, miguu haisogei kabisa, mara nyingi haiji kurudi, hata uvimbe ukitolewa wote. Miguu yake ya kesho inategemea zaidi hali ya miguu siku ya kupasuliwa kuliko ukubwa wa uvimbe. Kwa hiyo hofu ya baba ni ya kweli, ila kwa mtoto huyu kusubiri ndiko kunakompeleka kwenye kupooza kwa uhakika zaidi.

Kukanda nako hapana, wala kuvutwa mgongo, wala kuchua kwa nguvu. Uvimbe uko ndani ya ugwe, ugwe uko ndani ya mfupa. Mkono haufiki huko. Na msiweke chupa ya maji ya moto mgongoni au miguuni. Ngozi iliyo chini ya usawa wa uvimbe inaweza kuwa imekufa ganzi, mtoto akaungua bila kulia, na kidonda cha namna hiyo kinachelewesha upasuaji. Bibi anataka kumpunguzia mjukuu maumivu, mpeni kazi yenye faida: awe anaandika kwenye daftari mtoto amekojoa mara ngapi kwa siku, amepata choo lini, na ameanguka mara ngapi. Daftari hilo daktari atalisoma kwa makini kuliko mnavyodhani.

Kwa nini ilichukua miezi mitano

Maumivu ya kukua yapo, lakini yana tabia zake. Huwa ya miguu, yote miwili, paja au ugoko, jioni au usiku, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Hayakai mgongoni. Mtoto anayeamshwa na maumivu ya mgongo, yanayopungua akikaa na kuzidi akilala, akikohoa au akipiga chafya, hayo si ya kukua mpaka ithibitike vinginevyo. Kulala kunaongeza msukumo wa damu kwenye mishipa inayozunguka ugwe, na mahali palipobanwa panauma zaidi.

Nayo eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi ugwe. Uvimbe ukikaa muda mrefu sana unaweza kupanua tundu la pingili au kupinda mgongo, na hapo mtaalamu ataona kitu. Vinginevyo picha hutoka safi, wazazi wanarudi nyumbani wakiamini mgongo ni mzima.

Kuna vipimo vinavyochukua dakika tano bila mashine yoyote, na daktari yeyote wa zahanati anaweza kuvifanya. Mtoto atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Aruke kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Adondoshewe shilingi sakafuni aiokote: mwenye mgongo mgumu hainami, anachuchumaa amenyoosha mgongo wima huku ameshika paja. Tazama soli za viatu, ule upande unaoburuzwa umelika. Unyayo ukikunwa kwa ufunguo kutoka kisiginoni kwenda juu, kidole gumba kwa mtoto wa umri huu kinatakiwa kujikunja chini. Kikinyanyuka, tatizo liko kwenye ubongo au ugwe. Na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza upya pamoja na udhaifu wa mguu asiitwe mvivu wala mtundu. Kibofu kinaweza kuwa kimejaa na kumwagika chenyewe. Choo kigumu kisichoelezeka huenda pamoja na hilo.

Je, ni saratani?

Jibu kamili litatoka maabara ya patholojia baada ya kuchukua kinyama. MRI inakisia tu. Lakini tunaweza kusema mengi kutokana na mahali ulipo. Kwa mtoto, uvimbe unaoota ndani ya ugwe wenyewe mara nyingi ni astrositoma ya daraja la chini. Nyuma yake zinafuata ganglioglioma na ependimoma, ambayo hii ya mwisho huonekana zaidi kwa watu wazima. Hizi za daraja la chini hukua taratibu, na kwa kawaida hazisambai kwenda mapafuni au kwenye ini kama saratani tuzijuazo. Hutibiwa na madaktari wa saratani, ndiyo, lakini watoto wengi wenye aina hizi huishi miaka mingi. Aina kali zipo pia, na matumaini yake ni madogo. Dalili zake mara nyingi hukimbia kwa wiki, si kwa miezi. Miezi mitano ya mwanao inaelekea upande wa ile ya taratibu, ingawa hiyo si hakikisho.

Yale "maji juu yake" yasiwatishe. Uvimbe wa ndani ya ugwe mara nyingi huambatana na tundu lenye majimaji juu au chini yake. Si uvimbe uliosambaa, na mara nyingi hupungua wenyewe uvimbe ukishatolewa.

Jambo moja kwenye maelezo yako linahitaji kurekebishwa kabla ya upasuaji: umesema MRI ya kifua. Inatakiwa MRI ya mgongo wote na kichwa, kabla na baada ya dawa ya rangi, yaani gadolini. Kuna uvimbe wa kichwani kwa watoto, hasa medulublastoma, unaodondosha mbegu zake chini kupitia maji ya ubongo hadi mgongoni. Ukipasua mgongo bila kuangalia kichwa unaweza kuwa unakata tawi na kuacha shina. Mtoto wa miaka 7 wengine hutulia ndani ya mashine kwa hiyo saa moja, wengine hulazwa usingizi. Akilazwa, chakula kinasimama saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Kipimo cha figo kifanyike kwanza kwa sababu ya gadolini.

Upasuaji wenyewe unavyokwenda

Kabla ya miaka ya 1980 wapasuaji wengi walichukua kinyama kidogo tu na kupeleka mtoto kwenye mionzi, kwa hofu hiyohiyo ya baba. Fred Epstein, mpasuaji wa watoto wa New York, ndiye aliyeonyesha kwamba uvimbe wa ndani ya ugwe wa mtoto unaweza kutolewa kwa sehemu kubwa na mtoto akatembea. Alitumia kifaa kinachovunjavunja uvimbe kwa mawimbi ya sauti na kuunyonya papo hapo, bila kuuvuta ugwe. Kifaa hicho bado ndicho kinachotumika.

Mtoto analazwa kifudifudi. Paa la mfupa linalofunika ugwe, kwenye pingili nne au tano, linakatwa na kuinuliwa kwa kipande kimoja, kisha mwishoni linarudishwa mahali pake kwa nyuzi au visahani vidogo vya chuma. Ulizeni hili: "Mtarudisha mfupa?" Mfupa ukiondolewa moja kwa moja kwa mtoto anayekua, mgongo una hatari kubwa ya kujikunja mbele na kuota kibiongo miaka michache baadaye. Kurudisha mfupa hakuondoi hatari hiyo yote, lakini si sawa na kuutupa.

Chini ya mfupa kuna utando mgumu, unafunguliwa. Ugwe unapasuliwa katikati kabisa, kwenye mstari wa nyuma, kwa darubini, na uvimbe unatolewa kuanzia ndani kwenda nje. Ependimoma huwa na mpaka unaoonekana, unaweza kuibandua. Astrositoma imejichanganya na ugwe kama sukari kwenye uji, na hapo mpasuaji mzuri ni yule anayejua kuacha. Akibakiza kipande cha uvimbe wa daraja la chini, kinaweza kukaa miaka bila kukua. Akikata ugwe kukifuata, hakuna wa kuurudisha.

Kinachomsaidia kujua pa kuacha ni mashine ya kufuatilia neva. Sindano ndogo huwekwa kwenye misuli ya mikono na miguu, kichwani unatumwa umeme kidogo, na fundi anatazama kama miguu inajibu. Waya mwingine mwembamba hulazwa juu ya ugwe wenyewe, chini ya uvimbe, kupima wimbi linaloshuka. Wimbi hilo likianguka zaidi ya nusu, kazi inasimama: jeraha linamwagiwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, shinikizo la damu linapandishwa, wanasubiri. Likirudi wanaendelea, lisiporudi wanafunga. Ili mashine isome, usingizi unatakiwa uwe wa dawa za mshipani zaidi kuliko gesi, na dawa za kulegeza misuli zisitumike baada ya mpira wa kupumulia kuingia. Ulizeni kama mashine hiyo ipo na nani anaisoma. Upasuaji bila hiyo unafanyika, lakini kwa uvimbe wa ndani ya ugwe tofauti ni kubwa, na kama kuna kituo cha pili kinachoweza kumpokea ndani ya siku chache, kinastahili safari.

Sasa lile ambalo wazazi wengi hawaambiwi mapema. Siku za kwanza baada ya upasuaji, miguu inaweza kuwa dhaifu kuliko ilivyoingia. Mtoto anaweza kushindwa kujua mguu wake uko wapi asipoutazama, kwa sababu ugwe ulifunguliwa mahali habari hizo zinapopita. Kwa wengi hali hiyo inapungua kwa wiki hadi miezi, na kwa baadhi ganzi kidogo inabaki. Baba akijua hili kabla, hatavunjika moyo siku ya tatu.

Mtoto ageuzwe kitandani kila saa 2, visigino vikaguliwe kila siku, maana ngozi yenye ganzi hupata vidonda haraka. Mpira wa mkojo ukitolewa, pima amekojoa kiasi gani. Mtoto asiyekojoa kwa saa 6 na tumbo la chini limejaa ana kibofu kisichofanya kazi, si aibu ya choo cha hospitali. Majimaji meupe kama maji yakitoka kwenye kidonda, au kichwa kikiuma sana akikaa na kupoa akilala, ni maji ya ubongo yanayovuja. Mwite muuguzi saa hiyohiyo, kwa sababu mlango huo huingiza homa ya uti wa mgongo. Mazoezi ya viungo yaanze wodini, siku ya kwanza au ya pili, hata kama ni kumnyoosha miguu kitandani.

Baada ya majibu ya maabara

Ikiwa ni daraja la chini na sehemu kubwa imetoka, huenda kazi ikawa kufuatilia tu: MRI ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya upasuaji, kisha kila miezi 3 hadi 6 miaka ya mwanzo. Kilichobaki kikianza kukua, dawa za saratani za mshipani hutangulia mionzi kwa mtoto wa umri huu. Karboplatini pamoja na vinkristini ndizo zilizozoeleka, na tiba huchukua zaidi ya mwaka. Vinkristini inakausha choo na inaweza kulegeza kifundo cha mguu, mambo mawili ambayo mwanao ana shida nayo tayari, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze naye siku moja. Maabara ikiweza kupima jeni iitwayo BRAF, iombwe. Tangu 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani imeruhusu vidonge viwili, dabrafenibu na trametinibu, kwa watoto wenye uvimbe wa daraja la chini wenye badiliko la V600E la jeni hiyo. Bei yake ni mlima kwa familia nyingi, lakini majibu ya jeni hayaharibiki. Yakae kwenye faili.

Mionzi inasubiri mtoto akue, isipokuwa uvimbe ni mkali au umerudi na hakuna njia nyingine. Ikipigwa, pingili nzima ipigwe sawasawa, kulia na kushoto. Nusu ya mfupa ikipata dozi na nusu ikakosa, upande mmoja hukua na mwingine ukabaki, na mgongo unapinda.

Kwa mzazi mwingine anayesoma hili

Nimemjibu mama huyu kuhusu uvimbe wa ndani ya ugwe. Ikiwa majibu ya mtoto wako yanasema uvimbe uko nje ya utando, unaubana ugwe kutoka pembeni, tafadhali usichukue ushauri huu wa "mpasueni upesi" kama ulivyo. Katika ukanda wetu kwanza wafikirie limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga, ile aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Taya au tumbo huvimba, na mtoto anaweza kuacha kutembea ndani ya siku chache. Hapo dawa za mshipani zikianza mapema huyeyusha uvimbe haraka na miguu inaweza kurudi bila kupasua mgongo. Hatari yake ni kwamba seli zikifa kwa wingi huziba figo. Kabla ya dozi ya kwanza mtoto aanze dripu isiyo na potasiamu, kiasi cha lita 3 kwa kila mita ya mraba ya ngozi yake kwa saa 24, pamoja na alopurinoli, dawa ya kukinga figo. Mtoto wa kilo 20 ana karibu mita za mraba 0.8, kwa hiyo ni kama lita 2.4 badala ya lita 1.5 za kawaida, na mkojo upimwe kila saa chache.

Hapo pia deksamethasoni, dawa ya steroidi inayopewa kupunguza ugwe kuvimba, ina makali mawili. Kwa limfoma, hata sindano chache huweza kuyeyusha uvimbe kiasi cha kuwanyima maabara jibu, au kuanzisha hilo tatizo la figo. Miguu ikiwa imetulia, kinyama kitangulie. Miguu ikiwa inapotea saa hii, dawa itolewe huku dripu ikikimbia.

Kwa aliye chini ya miaka 5 wafikirie nyuroblastoma, saratani ya chembe changa za neva, inayopenya kutoka kifuani au tumboni kupitia matundu ya neva kati ya pingili. Mkojo wake hupimwa kemikali zinazoishtaki, na kwa wengi dawa za mshipani hutangulia kisu. Na usisahau kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwetu ndicho kinachochanganywa sana na uvimbe. Chenyewe hula pingili mbili zinazopakana pamoja na mto ulio kati yao, na hujaza usaha pembeni. Uvimbe mara nyingi huuacha mto salama. Mtoto aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kinyama, na wiki zinapita miguu inazidi kulegea, arudishwe kupimwa upya.

Safari yenu

Mama, kutoka Morogoro mahali pa karibu penye wapasuaji wa mishipa ya fahamu ni taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam, na wodi ya saratani ya watoto iko hospitali hiyohiyo, inayosaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha. Mionzi ikihitajika iko taasisi ya saratani ya Ocean Road, jijini humohumo. Uvimbe wa ndani ya ugwe haulegezi mifupa, kwa hiyo anaweza kusafiri amekaa au amelala, vyovyote anavyojisikia nafuu. Beba CD ya picha za MRI, si karatasi ya majibu peke yake, maana mpasuaji anapanga kwa picha. Beba na daftari la bibi.

Na kama kabla ya tarehe mliyopewa ataacha kusimama, au atashindwa kukojoa, au ganzi itapanda kutoka miguuni kwenda tumboni, msingoje tarehe. Nendeni dharura usiku huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Ana uvimbe kwenye ugwe wa mgongo na miguu imebadilika leo."